Ulivyocheka Siku ya Kuanua Matanga

Mwanangu Zaituni,

Nakuandikia mchana huu nimekaa juu ya kreti hapa kibandani, mlango nimeurudisha nusu ili wenye baiskeli zao wadhani sipo. Wewe uko kwa Bi Pili unasukwa. Nimemwomba asiharakishe. Akanitania, "Kwani wewe unataka kuoga?" Nikamwambia nataka kuandika. Akanitazama, akakuvuta mkono mkaenda.

Kesho unaondoka na mjomba wako kwenda Igunga kwa mama yako mdogo, ukakae naye na kusoma huko. Habari za maji na kuni na shule sitaziandika, yeye mwenyewe atakuambia, na mengi unayajua kuliko mimi. Mwandiko wangu unaujua, ni wa kisomo cha jioni, herufi zinalala. Utakapokwama, rudia polepole. Nimeona niandike kwa sababu nikisema na mtu huku ananitazama, maneno yananikatikia njiani. Hata na wewe, mtoto niliyekuzaa.

Unaikumbuka ile barua ya mama mdogo, aliyoandikiwa na mwalimu wa kijijini kwao. Ulinisomea wewe, maana mimi ningemaliza kesho yake. Ukasoma haraka kama kawaida yako mpaka ukafika pale pa mumewe na mwanawe Shija: "Baba Shija tumemzika. Shija hajaambiwa. Tumemwambia baba yake kaenda Shinyanga kununua ng'ombe. Kila wakipita ng'ombe anatoka mbio." Hapo ukaacha kusoma. Ukaikunja ile karatasi mara nne. Ukaniuliza, "Baba, akiniuliza mimi nimwambieje?"

Nikasema, "Tutaona." Nikachukua gurudumu nikaanza kulinyoosha. Lile gurudumu halikuwa limepinda, Zaituni. Nadhani uliona.

Hii barua ndiyo jibu la swali lako. Ila siwezi kulijibu mpaka nikueleze kwanza mimi nilifanyaje.

Mama yako alipougua ulikuwa na miaka sita, mimi nilikuwa kijana wa ishirini na nne. Ilikuwa homa. Siku ya kwanza alipika, siku ya pili akalala, siku ya tatu hakunijibu vizuri. Nikamkalisha kwenye keria ya baiskeli, nikamfunga kwa kanga kiunoni asianguke, nikaisukuma kwa mguu mpaka hospitali. Njia nzima alishika shati langu kwa nyuma. Wewe nilikuacha kwa Bi Pili. Ulikuwa unacheza, hukutuona tunatoka, na mimi nikaona afadhali.

Hakulala hospitali usiku hata mmoja. Tulifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri akafariki. Nikatoka nje nikasimama karibu na baiskeli. Mtu mmoja akaniomba pampu, nikampa, nikamshikia gurudumu mpaka akamaliza kujaza. Ndivyo nilivyokuwa.

Wazee walisema mtoto asione. Wewe ukapelekwa mtaa wa Isevya, kwa watu wenye watoto wa rika lako, na sisi tukazika siku ileile alasiri. Uliporudishwa ulikuta majamvi yametandikwa uani, wanawake ndani, wanaume nje. Ukanijia pale nilipokaa ukauliza, "Mama yuko wapi?" Watu wote wakaangalia chini. Mimi nikasema, "Kaenda Sikonge kwa babu yako kuchukua asali."

Hakuna aliyenituma kusema asali. Wazee walisema usione, hawakusema nikudanganye. Ilinitoka yenyewe, kwa sababu kila mwaka mama yako alikuwa anakwenda kwao Sikonge na kurudi na debe la asali. Nikaona huo ni uongo mdogo, unaofanana na kweli.

Ukauliza, "Na watu wote hawa wanafanya nini?"

Nikasema, "Wanasubiri asali."

Ukakubali. Ukaenda kukaa barazani. Siku zile wakapita wale wauza asali wa Sikonge, na unajua wao wakifika mjini lazima wapitie kwangu, barabara ile inawatoboa magurudumu. Ukawa unamwendea kila mmoja. "Shikamoo. Umemwona mama yangu?" Na kila mmoja ananitazama mimi juu ya kichwa chako, na mimi ninaangalia pancha. Mmoja alikuambia, "Nimemwona, anakuja." Nilimshukuru moyoni. Fikiria, nilimshukuru.

Sasa siku ya kuanua matanga. Hapa nataka usome vizuri, maana ulikuwapo lakini ulikuwa mdogo, na sisi hatukuwahi kulizungumza hata siku moja.

Bi Pili ni Mzaramo. Babu yake alikuja huku na misafara ya zamani, akakaa mtaa wa Ng'ambo, hakurudi pwani. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani tangu njia ile. Na mtani msibani ana kazi yake. Watu wakishachoka kulia, yeye anaingia na kumwigiza marehemu, alivyotembea, alivyosema, alivyogombana, mpaka wenye msiba wacheke. Shehe wa mtaa anatazama pembeni tu, maana utani huo ameukuta.

Basi siku ile Bi Pili alitoka ndani amejifunga kanga ya mama yako. Ameifunga kama yeye, fundo upande wa kushoto. Akatembea kama yeye, ule mwendo wa kutanguliza bega. Akasimama mbele ya mtu asiyekuwapo, akasema kwa sauti yake kabisa, "Hii dagaa au vumbi la reli? Kama ni vumbi sema ni vumbi, nitanunua kama vumbi." Wanawake wakaanza kucheka na machozi yanawatoka. Kisha akanigeukia mimi, mikono kiunoni. "Baba Zaituni, nakuuliza wewe. Kila ukiulizwa jambo unatazama spoku. Spoku ndiyo mkeo?"

Watu wakaangua kicheko. Na wewe ukatokea mlangoni. Ukaona kanga, ukasikia sauti. Ukacheka, Zaituni. Ulicheka mdomo wazi, kichwa umekirudisha nyuma, kicheko cha mtoto ambaye mama yake amefika. Na sauti yako ilikuwa juu ya sauti za watu wote.

Mimi nikanyanyuka kule kwa wanaume. Siku tatu nilikuwa sijanyanyua hata sauti. Nikavuka majamvi na viatu vya watu, nikakuzaba kofi. Nikasema, "Unacheka nini na mama yako amekufa?"

Hukulia. Ulimtazama Bi Pili, naye akaifungua ile kanga polepole, akaikunja, akabaki na gauni lake. Ukanitazama mimi. Ukasema, "Na asali?"

Mama mmoja akakuchukua ndani.

Ndivyo ulivyoambiwa kwamba mama yako amekufa. Kwa kofi, mbele za watu, na mtu yuleyule aliyekuambia kaenda kuchukua asali.

Ninayaandika haya si kwamba nataka unihurumie. Nataka ujue kwamba lile kosa ni langu. Utani ule uliwekwa ili mtu acheke. Bi Pili alikuwa anafanya kazi yake na wewe ulifanya ya kwako. Mimi ndiye niliyeacha yangu, ya kukuambia kweli, na iliponifikia nikaijibu kwa kofi.

Na mimi nilikuwa nayajua mambo haya, ndilo linaloniuma. Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka minane. Walininyoa, wakaniketisha na watoto wengine, hakuna aliyesema neno. Nguo zake zikagawiwa kwa ndugu bila mimi kujua. Wiki moja baadaye nikaona koti lake linapita njiani. Nikalikimbilia, nikalishika kwa nyuma. Aliyegeuka ni baba mkubwa. Akanishika kichwa, akaendelea na safari yake. Nikaacha shule mwaka ule, darasa la pili, na tangu hapo nikawa mtu wa kuangalia. Nikadhani mtu mzima ni yule asiyeuliza. Kisha nikakulea wewe hivyohivyo.

Baada ya msiba niliona mengi na sikusema. Kesho yake ulikuwa unasukuma rimu kuukuu na wenzako barabarani, unakimbia. Nikasema moyoni, huyu mtoto hana uchungu. Usiku unakojoa kitandani, na ulikuwa umeshaacha zamani. Nikakufokea. Ilikwenda miezi. Nikagawa kanga zote za mama yako, hata ile, nikidhani usipoziona utasahau. Siku moja tunakula ukaniuliza, "Mama alikuwa anapenda nini?" Nikakujibu, "Maliza ugali." Hukuuliza tena.

Na mimi nilikuwa nalia. Hilo hulijui. Nilikuwa naosha cheni kwa mafuta ya taa hapa kibandani, cheni ambazo hazikuwa na haja ya kuoshwa, ili ukiniona macho mekundu udhani ni mafuta. Kwa hiyo ukaona mama amekufa na mtu pekee anayelia nyumbani ni wewe. Tungelia wote wawili ingekuwa bora, lakini sikujua kama inaruhusiwa.

Sasa nitakueleza kilichonifanya niandike leo. Juzi Bi Pili alipita hapa na beseni lake la dagaa. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka beseni chini.

"Nasikia mtoto anakwenda Igunga, kwenye nyumba yenye msiba."

"Ndiyo."

"Umekwisha kusema naye?"

"Kuhusu nini?"

Akacheka kwa pua. "Nyinyi Wanyamwezi. Babu zako walibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, hawakuangusha hata moja. Wewe neno moja kulitoa kibandani mpaka jikoni limekuelemea."

"Na babu zako walikuwa wanawauzia maji," nikasema.

"Tuliwauzia, ndiyo. Mlikuwa mnanuka."

Kisha akakaa kwenye kreti hii ninayokalia, akaacha utani. Nilijua ameacha kwa sababu aliniita jina langu. Akasema, "Unajua mtoto wako anaamini nini? Mwaka juzi tulikuwa tunachambua dagaa, akaniambia, Bi Pili, mimi nilicheka ndiyo mama akafa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ileile.

"Nilimwambia yeye kwamba si kweli. Nimemwambia mara ngapi. Lakini hilo hakulipata kwangu. Alilipata kwa mkono wako, nawe ndiye wa kulichukua."

Akabeba beseni lake, akaenda. Tangu juzi sijatengeneza baiskeli hata moja sawasawa. Mzee wa mtaa wa pili amerudisha yake mara mbili.

Maana nilikuwa nimeona, mwanangu. Miaka minne nimeona unavyocheka na kiganja mdomoni. Watoto wakikuchekesha unageuka ukutani kwanza. Nilidhani ni aibu, nilidhani umenirithi mimi. Nikafurahi kidogo hata, kwamba una kitu changu.

Sasa Shija. Atakuuliza. Mtoto anamuuliza mtoto mwenzake kabla ya mtu mzima. Kwanza usimwambie peke yako, maana ana mama yake. Nimeandika karatasi nyingine, iko ndani ya bahasha hii, ya mama mdogo. Yeye hasomi, kwa hiyo utamsomea wewe. Msomee mkiwa wawili tu. Humo nimemweleza kofi lile, nimemwomba amwambie mtoto mwenyewe, mapema, kwa maneno mafupi. Amwambie: baba yako aliumwa, amekufa, hatarudi, na hakuna ulichokifanya. Asiseme amelala, mtoto ataogopa kulala. Asiseme kasafiri. Wanasema kaburi la baba yake ndilo la kwanza katika kijiji chao kipya, watu wamehamia mwaka huu tu, na liko karibu na njia ya kisimani. Shija analipita kila siku na watu wanashusha sauti, naye hajui kwa nini. Wamwonyeshe.

Mama mdogo anaweza kukataa. Anaweza kusema mtoto ni mdogo mno, au ndugu wa mume hawataki. Ukiona hivyo usibishane naye, naye ana uchungu wake. Niandikie, nitafunga kibanda nije mwenyewe, nikae mbele yake niseme. Nimeshajizoeza. Jana nilikuwa namwambia mbuzi wa jirani.

Akishaambiwa, atakuuliza tena. Atauliza leo na kesho na wiki ijayo, maneno yaleyale. Wewe mjibu yaleyale. Akicheza siku hiyohiyo, mwache acheze. Akikojoa kitandani, waambie wasimpige, toeni godoro juani tu. Akitaka kuvaa kofia ya baba yake, mwombee avae. Akikasirika akupige mateke, mshike miguu, usimrudishie. Haya sikuyasoma popote. Nimeyapata kwa kufanya kinyume chake, na wewe ukiwa mbele yangu.

Wala usiwe mama yake. Una miaka kumi. Ukichoka kuulizwa, mwambie umechoka, nenda kacheze. Hukutumwa kule kubeba nyumba ya watu.

Na kama kule ukiwaona wao wanalia na wewe likakupata la kwako, usishangae. Lia la kwako. Usiende kujificha nyuma ya ghala.

Uliniuliza mama alikuwa anapenda nini. Alikuwa anapenda karanga mbichi, alikuwa anazitafuna njia nzima mpaka tumbo linamuuma. Alikuwa hapendi paka. Alikuwa anapenda kukaa kwenye keria nikimwendesha mteremko, na ananikataza kushika breki. Alikuwa anasema wewe una masikio ya babu yako wa Sikonge. Akikasirika alikuwa haongei, anafagia. Alikuwa anacheka kichwa amekirudisha nyuma. Ukitaka mengine andika uulize, hata mara mia, nitajibu yote.

Kaburi lake sikuwahi kukuonyesha. Nilisema wanawake hawaendi kuzika, nikaishia hapo, kumbe kuzika kulishapita zamani. Liko makaburini upande wa chini, safu ya tatu kutoka kwenye ua wa minyaa. Sikuwa na jiwe, nimechomeka rimu ya baiskeli kichwani pake, nusu iko ardhini, nusu iko nje. Watu wameizoea. Ukija likizo tutakwenda wote wawili.

Nasikia sauti yako barabarani na Bi Pili anakutania kuhusu nywele, kwa hiyo namalizia. Barua hii nitaitia kwenye begi lako chini ya sare, usome ukishafika, na usiku wa leo nitajaribu kukuambia hili la mwisho kwa mdomo. Nikishindwa, liko hapa.

Mama yako alikufa Jumatano asubuhi. Alikufa kwa homa, hospitali, na mimi nilikuwa pembeni yake. Wewe ulicheka Ijumaa, baada ya sala, tukiwa tumekwisha kumzika siku mbili. Zihesabu hizo siku, Zaituni. Zihesabu hata kwa vidole, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mimi hesabu zangu ni za darasa la pili na naziona. Kicheko chako hakikumkuta hai.

Ni mimi baba yako, niliyekupiga kwa kosa ambalo hukulifanya.